Sensa Yenye Oili

Lori limepakia Mombasa, na kwenye mwinuko wa Salama nguvu zikaliishia. Likifika Mlolongo, mashine ya kusomea makosa inataja sensa ya presha ya hewa iliyo kwenye manifodi. Wauza vipuri wanaipenda sana mashine hiyo. Fundi mahiri anaisoma kwa utulivu zaidi: inamtaja aliyelalamika, haimtaji aliyemkosea.

Kabla ya kugusa spana, anawasha swichi bila kupiga stata. Injini ikiwa imezimwa, sensa inapaswa kusoma hewa ya nje tu: kilopaskali 101 hivi Mombasa, kama 82 Nairobi. Asiyejua hilo ataitupa sensa nzima kwa kosa la kupanda mlima.

Kisha anaichomoa, na hapa ndipo napenda kumtazama. Haifuti. Anaigeuza kwenye mwanga, anapitisha kidole kwenye ncha. Utando mwembamba wa oili haumshtui, kwa kuwa injini nyingi za dizeli hurudisha pumzi ya krenki kwenye njia ya hewa kupitia brida. Ukiwa mweusi, mzito na wa kunata, oili imechanganyika na masizi ya ekzosi yanayorudishwa ndani na vali ya EGR, na matundu ya sensa huenda yameziba. Kompyuta ikidanganywa kwamba hewa ni kidogo, hupunguza dizeli, na dereva huona lori halivuti.

Sasa anaifuata oili kinyumenyume, paipu baada ya paipu. Interkula ina dimbwi chini? Likiwapo, anatazama eya klina kwanza, maana ikiziba, turbo huvuta kwa nguvu mpaka oili ikapenya kwenye sili. Anakagua paipu ya kurudisha oili ya turbo, isiwe imejikunja au kuziba. Baadaye ndipo anashika shafti ya turbo: kutikisika kidogo kwa pembeni ni kawaida, kwenda mbele na nyuma ni ugonjwa. Mwisho anafungua kifuniko cha oili injini ikinguruma taratibu. Moshi ukifoka hapo kwa nguvu, ringi za pistoni zimechoka, na turbo mpya haitasaidia kitu.

Mpangilio huo una huruma ndani yake: cha bei nafuu hukaguliwa kabla ya cha bei ghali.

Kuisafisha sensa ni kazi ndogo. Dawa ya kupuliza ya sensa, bila kuchokoa kwa waya, kisha iachwe ikauke. Interkula lazima itolewe oili yote, kwani injini ya dizeli inaweza kuichoma oili hiyo na kupaa mzunguko yenyewe hata swichi ikizimwa.

Mwenye lori, ukiletewa risiti ya sensa mpya, usilipe kabla hujauliza oili ilitoka wapi.