Uhakiki wa Istilahi ya ‘Msuguano wa Ndani’ kwa Mfano wa Ushanga wa Kioo wa Pemba

Sehemu hii inahakiki istilahi ya ‘msuguano wa ndani’, inayotaja upotevu wa nishati ya mtikisiko ndani ya vitu yabisi. Mfano wake ni ushanga wa kioo, ambao ni miongoni mwa vitu vilivyochimbuliwa na Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher katika magofu ya Chwaka, kaskazini mwa Pemba. Ushanga huo ni yabisi lakini si fuwele: atomi zake zimefungamana bila mpangilio unaojirudia.

Ushanga ukigongwa, hutikisika kisha hutulia. Sehemu ya nishati hutoka kama sauti. Nyingine hugeuka joto ndani ya kioo chenyewe. Istilahi inayohakikiwa humfanya msomaji aone nyuso mbili zinazosuguana, kama jarari inayopita kwenye gofia. Ndani ya kioo hakuna nyuso za namna hiyo. Mwaka 1972, Anderson, Halperin na Varma, na Phillips kwa upande wake, walipendekeza kwamba vikundi vidogo vya atomi katika vitu hivi vina mikao miwili yenye nishati zinazokaribiana. Mtikisiko hubadili tofauti ya nishati kati ya mikao hiyo. Atomi huhama kuufuata, lakini kwa kuchelewa, na kuchelewa huko ndiko kunakogeuza nishati kuwa joto.

Kasoro hii si ya maneno tu. Anayeamini msuguano atatafuta dawa katika kulainisha nyuso. Ushahidi dhidi yake unapatikana kwenye vioo vya kuakisia mwanga vya LIGO, Marekani, vinavyotumika kupima mawimbi ya mvutano. Vioo hivyo vimelainishwa kwa kiwango cha juu kabisa, lakini tabaka nyembamba za silika na oksidi ya tantali zilizopakwa juu yake ziliendelea kupoteza nishati na kupunguza usahihi wa upimaji. Nafuu ilipatikana kwa kuchanganya oksidi ya titani katika ile ya tantali, yaani kwa kugusa muundo wa atomi. Mwanafunzi wa Wete anayetegemea istilahi hii pekee hana njia ya kueleza nafuu hiyo.

Inaweza kutetewa kwamba istilahi hutaja kipimo, si chanzo: sehemu ya nishati inayopotea katika kila mzunguko wa mtikisiko. Mtafiti anaukubali utetezi huo kwa kipimo pekee. Aidha, nadharia ya mikao miwili nayo ina upungufu: inaeleza tabia ya jumla bila kubainisha ni atomi zipi zinazohama.

Kwa hiyo, inapendekezwa ‘msuguano wa ndani’ ibaki kuwa jina la kipimo, na chanzo kiitwe ‘mhamo wa atomi kati ya mikao miwili’. Jina refu linaloeleza ni bora kuliko fupi linalopotosha.