Kijiji Kilichobadilishwa Jina

Msomaji, darasani umezoea kuhakiki vitabu. Umefunzwa kuuliza mwandishi amesema nini, amekisema kwa namna gani, na, swali lililo gumu kuliko yote, amenyamazia nini. Leo napenda uyachukue maswali hayo matatu uende nayo mahali pasipo na kurasa wala wino. Tutahakiki kijiji. Usistaajabu. Kijiji cha kale kilichokarabatiwa ni kazi ya mkono na akili ya binadamu, kama kitabu kilivyo. Kuna mtu aliyechagua ukuta upi usimame na upi uachwe uanguke, rangi ipi ipakwe, mlango upi ufunguliwe wageni. Penye uchaguzi pana mwandishi; na penye mwandishi, mhakiki ana kazi.

Kijiji chenyewe kiko magharibi ya Uturuki, nyuma ya pwani ya Bahari ya Aegean. Huko uko mji mdogo uitwao Selçuk, na jirani yake yapo magofu ya Efeso, mji ambao jina lake walijua wote wasomao Agano Jipya. Wageni wengi hutazama nguzo za Efeso wakarudi pwani. Lakini ukifuata njia ipandayo upande wa mashariki, kiasi cha kilomita 8, ukapita mashamba ya mizeituni, mitini na mizabibu, utafika mahali ambapo bonde hufunguka ghafula, na mbele yako utaona nyumba zimepangwa mlimani kama watu waliokaa barazani. Hapo ndipo Şirince.

Tuanze na sifa, kwa kuwa mhakiki asiyejua kusifu hana haki ya kulaumu. Nyumba za Şirince ni nzuri, na uzuri wake una sababu. Sehemu ya chini hujengwa kwa mawe mazito, maana ndiyo ichukuayo uzito wa nyumba na kuushika mteremko. Sehemu ya juu ni nyepesi, ya mbao zilizokandikwa, nayo hupakwa chokaa nyeupe. Juu kabisa ni vigae vyekundu. Madirisha ni mengi, membamba na marefu, yamepangwa kwa safu. Tena tazama jambo lililo bora kuliko yote: nyumba ya juu hutazama bonde kwa kupita juu ya paa la nyumba ya chini. Jirani hakumzibia jirani jua wala upepo. Waashi wale walijenga adabu ndani ya mawe, na hao waliokarabati nyumba zao katika miaka ya karibuni wameiheshimu adabu hiyo. Hawakupandisha maghorofa, wala hawakufunika vigae kwa mabati. Kwa ufundi, basi, kazi hii yastahili alama za juu.

Sasa tuliulize swali la pili, nalo laanzia katika jina. Şirince, kwa Kituruki, ni neno la kupendeza; maana yake yakaribia kuwa "papendezapo kidogo" au "patamu kidogo". Lakini jina hilo si la zamani. Hapo kale kijiji kiliitwa Kırkınca, na watu wakalitamka pia Çirkince, neno lenye maana ya "pabaya kidogo" kwa sura. Wenyeji husimulia kwamba wakazi wa kwanza walikiita hivyo kwa hila: kila walipoulizwa kwao kukoje walijibu kuwa ni pabaya, ili mtu asitamani kuwafuata. Hiyo ni hadithi, nawe ipokee kama hadithi. Lililo hakika ni kwamba baada ya Jamhuri ya Uturuki kuundwa katika mwaka 1923, jina la ubaya liliondolewa likawekwa la uzuri. Badiliko hilo ni dogo kwa herufi, ila kwa mhakiki ni ufunguo. Panapofutwa neno baya, yafaa tuulize kama hapakufutwa na jambo lingine pamoja nalo.

Jambo hilo lipo. Watu waliozijenga nyumba hizi walikuwa Wakristo wa Orthodoksi, Wagiriki wa Anatolia, raia wa dola ya Osmani. Walilima tini na zeituni, na tini zao zilishushwa bandarini İzmir, ambayo wao waliiita Smyrna, zikasafirishwa ng'ambo. Mwezi wa Mei 1919 jeshi la Ugiriki lilitua İzmir na kuingia bara. Vita vikaendelea hata Septemba 1922, jeshi hilo liliposhindwa na wakazi Wakristo wa pwani wakakimbia pamoja nalo. Tarehe 30 Januari 1923, huko Lausanne, serikali mbili zilitia sahihi mkataba wa kubadilishana watu. Wakristo wa Orthodoksi waliokuwa Uturuki walitakiwa kwenda Ugiriki, na Waislamu waliokuwa Ugiriki walitakiwa kwenda Uturuki, isipokuwa wachache walioachwa kwa masharti. Mtu hakuulizwa anasema lugha gani, wala kaburi la babu yake liko wapi. Aliulizwa dini tu. Ukiwahesabu na wale waliokwisha kukimbia, Wakristo waliopoteza makwao walizidi milioni 1, na Waislamu walipata kama 400,000. Katika nyumba tupu za kijiji chetu wakaletwa Waislamu kutoka upande wa Kavala, kaskazini ya Ugiriki, nchi ya wakulima wa tumbaku. Nao pia walikuwa wamefunga milango ya nyumba zao kwa mara ya mwisho.

Msomaji, yaweke hayo moyoni, kisha ushuke nami katika vichochoro vya leo. Pande zote mbili kuna maduka. Huuzwa mvinyo wa matunda, sabuni ya zeituni, vitambaa, mitungi ya matunda yaliyopikwa kwa sukari. Kanisa la Mtakatifu Yohana Mbatizaji limekarabatiwa, na wageni huingia wakapiga picha. Lakini waumini waliolijenga hawako. Na lile jengo kubwa la mawe lenye madirisha mapana lilikuwa shule ya watoto wa Kigiriki. Kwa miaka mingi sasa limekuwa mkahawa. Penye madawati pamewekwa meza, na mahali walipokaririri watoto pana wageni wanaochagua chakula.

Mimi ni mwalimu, na huenda ndiyo sababu jengo hili lanichoma kuliko mengine. Sisemi mkahawa ni dhambi. Nasema kwamba mgeni aweza kuanza mahali pa kuegesha gari, akapanda hata mkahawani, akarudi kwa njia ya madukani, asilazimike hata mara moja kuuliza: wenye nyumba hizi walikwenda wapi, na hawa waliomo walitoka wapi? Kitabu kinachomruhusu msomaji kufika mwisho bila kukutana na kisa chenyewe kina kasoro, hata kama jalada lake linang'aa.

Yaliyonyamazishwa na mawe yamesemwa na kalamu. Kuna vitabu viwili ambavyo ningependa mgeni wa Şirince avitie katika mfuko wake. Cha kwanza ni riwaya ya Dido Sotiriou, mwandishi wa Kigiriki aliyezaliwa Aydın, si mbali na hapo, katika mwaka 1909. Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1962, na msimulizi wake, Manolis Axiotis, ni mkulima wa kijiji hiki hiki. Anatueleza utoto wake kati ya mitini, urafiki wake na kijana wa Kituruki, kazi za shuruti katika Vita Vikuu vya Kwanza, kisha vita vya 1919 hata 1922, na mwisho kukimbia. Ubora wa kitabu hicho ni kwamba kiliandikwa na aliyefukuzwa, na bado hakikumfanya jirani kuwa shetani.

Cha pili ni hadithi fupi ya Sabahattin Ali, Mturuki, naye pia alikuwa mwalimu. Yaitwa "Çirkince", na ilichapishwa katika mkusanyiko wa mwaka 1947, mwaka mmoja kabla ya mwandishi kuuawa. Msimulizi alikijua kijiji hiki utotoni mwake kikiwa na neema. Anarudi mtu mzima, anakuta kimechakaa. Tazama basi: Mgiriki analilia watu walioondolewa, Mturuki analilia mahali palipobaki. Vitabu viwili, lugha mbili, msiba mmoja. Ukivisoma pamoja utafahamu kwamba mkataba wa Lausanne haukuhamisha watu tu. Ulitenga mkulima na mti aliouzoea. Wa tini alipelekwa pasipo tini zake, na wa tumbaku akapewa mlima wa mizeituni.

Hapa sina budi kujikosoa mwenyewe, kwa maana mhakiki naye huhakikiwa. Pengine umekwisha kuninong'onea: "Mwalimu, walaumu maduka, lakini bila maduka nyumba hizo zingekuwa magofu." Wasema kweli. Hadithi ya Sabahattin Ali yatufundisha hivyo hivyo. Nyumba haishikwi na chokaa, hushikwa na riziki ya aliyemo. Mama auzaye mvinyo wa matunda kichochoroni huenda ni mjukuu wa mtu aliyeletwa kutoka Kavala na kupewa nyumba asiyoiomba, katika nchi asiyoijua. Kuuza kwake ndiko kunakolifanya paa lisivuje. Basi lawama yangu haimwangukii yeye. Yawaangukia wale wanaodhani kwamba kazi ya kukarabati imekwisha siku ukuta unapokauka, na pia sisi wageni, tunaolipia uzuri na kuona kwamba ukweli hautuhusu.

Je, yawezekana kujenga kwa mawe ya zamani bila kuyafanya pambo tu? Jibu liko karibu sana, kiasi cha kilomita 1 tu nje ya kijiji. Mwaka 2007 Ali Nesin, bingwa wa hesabu na mwana wa mwandishi Aziz Nesin, alianzisha huko Kijiji cha Hesabu. Ni majengo mapya, lakini yamejengwa kwa mawe, mbao na udongo, kwa desturi ya waashi wa mlima ule. Vijana hukaa huko kwa majuma, hufundishwa hesabu, mara nyingine chini ya miti, na hugawana kazi za kufagia na kusaidia jikoni. Mwaka 2018 Nesin alipewa tuzo ya Leelavati, itolewayo kwa wale wanaoifikisha elimu ya hesabu kwa watu wote. Fikiri sasa juu ya majengo haya mawili. Shule ya kale ina kuta za kweli, nayo imekuwa mahali pa kula. Majengo mapya hayana ukale wo wote, nayo yamekuwa shule. Lipi limeuhifadhi urithi wa wale waashi? Mimi nasema lile jipya limehifadhi sehemu iliyo muhimu zaidi, kwa maana mjenzi wa shule hakukusudia kutuachia mawe. Alikusudia mtoto aingie mjinga atoke na elimu.

Basi nitoe hukumu, maana uhakiki usiokuwa na hukumu ni matembezi tu. Kama kazi ya uashi, Şirince ni nzuri kwa hakika: imeshika kipimo, imeshika mteremko, imeshika adabu ya ujirani. Kama masimulizi, ni kitabu kilichong'olewa kurasa za katikati. Chaanza na wajenzi wa kale wasio na majina, kisha charuka hata kwenye chupa na vitambaa vya leo. Kurasa za 1922 na 1923 hazimo, nazo ndizo zingalimfanya mgeni aondoke na jambo la kufikiri. Na dawa yake si ghali. Haihitaji kubomoa mkahawa wala kufunga duka. Yahitaji jina la kale liandikwe wazi kando ya jina jipya, Kırkınca na Şirince, na chini yake maneno machache yaseme ni akina nani waliokwenda, na ni akina nani waliokuja, na kwamba wote wawili walilia.

Nawe, msomaji, siku utakapoingia katika nyumba yo yote ya kale iliyopakwa chokaa upya, popote itakapokuwa, usiridhike na kuisifu. Gusa ukuta, usifu fundi. Kisha muulize mwenye funguo: "Nani alilala hapa kwanza, na kwa nini hayupo?" Akijibu, kaa chini usikilize. Asipoweza kujibu, umekwisha kuiona kasoro ya nyumba ile, hata kama kuta zake hazina ufa.