Kifyonza Vumbi Chenye Mkono: Kinavyopinduka na Kinavyotulizwa

Kifyonza vumbi cha karakana ya useremala ni pipa lenye mota juu, chujio ndani na magurudumu manne chini. Bomba lake likiburuzwa sakafuni hukwama kwenye miguu ya meza na kukwaruza mbao zilizokwisha kupigwa msasa. Ndiyo maana hufungiwa mkono: nguzo inayosimama nyuma ya pipa, yenye tawi la mlalo linalozunguka na kulining'iniza bomba juu ya kichwa cha fundi. Kero ya bomba huisha, lakini mashine iliyokuwa imetulia huanza kupinduka.

Mashine ikipinduka huzungukia mstari unaounganisha magurudumu mawili ya upande inakoangukia. Uzito wake huizuia kwa kadiri ulivyo mbali na mstari huo, na mvuto wa bomba huiangusha kwa kadiri ulivyo juu ya sakafu. Chukua pipa la kilo 15, lenye mkono na bomba vya kilo 5, na magurudumu yaliyo sentimita 20 kutoka katikati. Tawi likigeuzwa ubavuni, kilo 3 kati ya hizo 5 huwa sentimita 40 kutoka katikati, yaani sentimita 20 nje ya mstari. Kilo 17 zilizobaki mara 20 ni 340. Kutoa 60 za tawi hubaki 280. Bomba linavutwa kutoka sentimita 200 juu, hivyo mvuto wa pembeni wa kilo 1.4 unatosha kuiangusha. Fundi anayenyoosha mkono kufikia ncha ya ubao huvuta zaidi ya hapo bila kuhisi. Kuvuta kwenda chini kuna hatari ndogo zaidi: hapo hutakiwa kilo 14.

Tiba ya kwanza ni kuongeza uzito chini. Bamba la chuma la sentimita 40 kwa 60, lenye unene wa sentimita 1, lina takribani kilo 19. Likifungwa kwa bolti chini ya pipa, mvuto wa kuangusha hupanda hadi kilo 3.3. Tiba ya pili ni kupanua kitako. Pipa hufungwa juu ya plaiwudi ya milimita 18, yenye uzito wa kilo 5 hivi, na magurudumu mapya huwekwa sentimita 30 kutoka katikati. Matokeo ni kilo 3.15, karibu sawa na tiba ya kwanza. Lakini zikiunganishwa, bamba juu ya plaiwudi, hesabu hufika kilo 6, zaidi ya mara nne ya mwanzo, kwa kuwa uzito huzidishwa kwa umbali.

Umbali huo hupimwa mahali gurudumu linapogusa sakafu, si ilipo bolti yake. Gurudumu linalojigeuza likielekea ndani hupunguza upana wa kitako, hivyo kipimo huchukuliwa likiwa katika hali hiyo mbaya zaidi.

Breki nazo zina pande mbili. Magurudumu yakiwa huru, mashine huufuata mvuto badala ya kupinduka, ila ikikutana na waya au kipande cha mbao husimama ghafla na kwenda chini. Yakifungwa, haiondoki, na mvuto wote huelekea kwenye kuipindua. Kwa hiyo breki hufaa baada ya kitako kupanuliwa. Wakati wa kuhamisha, tawi hurudishwa juu ya pipa na mashine husukumwa kwa kushika pipa, si nguzo.

Karakana ambayo meza yake haihami inaweza kuachana na nguzo kabisa: tawi likifungwa ukutani au kwenye boriti, pipa hubaki na mvuto wa chini tu.

Kazi hukaguliwa kwa mizani ya kuning'inia. Breki zikiwa zimefungwa na tawi likiwa ubavuni, mizani hufungwa kwenye ncha ya tawi na kuvutwa polepole kwa mlalo, huku mtu wa pili akiizuia mashine isianguke. Kilo zinazosomwa gurudumu la kwanza linapoinuka ndizo kikomo cha mashine hiyo.