Mguu Uujuao Mlima

Siku ya kwanza kupanda Morningside, kwenye milima ya Uluguru, nilianza kwa mbio. Nilikuwa na miaka 47, raba mpya, na fulana iliyotangaza kwamba mazoezi si mageni kwangu. Nilitoka Morogoro mjini saa nne asubuhi, jua limeshaanza kuuma. Kabla ya kona ya tatu nilikuwa nimekaa juu ya jiwe, moyo unagonga mbavu, nikijifanya natazama mabati ya mji kule chini. Mama mmoja wa Kiluguru, aliyenizidi umri kwa miaka kumi au zaidi, akanifikia akiwa na ndoo kichwani na kandambili miguuni. Alikuwa ameshuka alfajiri na kabichi, ameuza, na sasa anarudi kwake na chumvi, sukari na sabuni. Nilimwamkia, shikamoo yangu ikakatika katikati. Aliitikia marahaba bila kusimama, kisha akasema, "Unakimbilia nini, baba? Mlima hauhami."

Akapita. Nami nikanyanyuka kumfuata kwa nyuma, kwanza kwa aibu, baadaye kwa udadisi.

Tumezoea kumwita fundi yule aliyeshika kitu mkononi: randa, mwiko, mkasi wa cherehani. Mpanda mlima hana chombo ila mwili wake, kwa hiyo tunasema tu kwamba ana pumzi, au kazaliwa huko huko. Lakini nilipomtazama mama yule kwa hatua mia moja, niliona kazi ya kupimwa. Hatua zake zilikuwa fupi kuliko zangu kwa nusu. Alikanyaga kwa unyayo mzima, asining'inie kwenye vidole kama nilivyokuwa nikifanya, nikiichosha bure misuli ya nyuma ya mguu. Kila mguu wa nyuma uliponyooka, palikuwa na kituo kidogo mno, kiasi cha kufumba jicho, mzigo ukiwa umelala juu ya mfupa na misuli imepumzika. Penye jiwe refu alizunguka. Penye mwinuko mkali alikwenda mshazari, kulia kisha kushoto, akiugawa mlima vipande vya bei nafuu.

Juu ya yote, alizungumza. Alikuta wenzake njiani wakapanda wakipiga soga, na soga ile ndiyo ilikuwa saa yao. Wataalamu wa afya wana kipimo kinachofanana nayo: ukifanya zoezi la wastani, unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za zoezi la namna hiyo kwa wiki. Jumamosi moja ya kupanda na kushuka kwa saa nne ni dakika 240. Akina mama wale hawakuwa na hesabu hiyo. Walijua tu kwamba soga ikikatika, mwendo umezidi.

Kushuka kulinifunza zaidi. Wahenga walishasema: kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Nilidhani nusu ya pili ni zawadi, nikajiachia. Kesho yake nilikuwa mzima. Kesho kutwa nilishuka ngazi za ofisini kinyumenyume, nimeshika ukuta. Wakati wa kushuka, misuli ya paja hufanya kazi ya breki: inavutwa ikirefuka huku inazuia uzito, na kazi hiyo huijeruhi kuliko ile ya kusukuma. Anayejua hushuka goti likiwa limelegea kidogo, hatua fupi, unyayo umekaa upande pale njia inapoteleza. Wapo wanaoshuka hivyo na mkungu wa ndizi juu ya ngata, na mkungu hautikisiki.

Mwendo huo una malipo mengine. Mji uko kiasi cha mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Bondwa, chenye minara ya mawasiliano, kinapita mita 2,100. Katikati hapo unavuka migomba na vijishamba vilivyoning'inia kwenye miteremko, kisha hewa inapoa na msitu unaanza. Humo kuna ndege, aina ya chozi, asiyepatikana popote duniani nje ya milima ya Uluguru. Kuna vijito vinavyoulisha mto Ruvu, na wengi wanaofungua bomba Dar es Salaam wanakunywa mlima huu bila kuujua. Siku ile ya mbio sikuona hata kimoja. Niliona raba zangu.

Sitaki kuipamba taabu. Mama yule hakubeba ndoo ili apunguze tumbo. Barabara nzuri ikifika mlangoni kwake atapanda bodaboda, na magoti yake yatashukuru. Lakini ufundi haupungui thamani kwa kuwa umezaliwa na shida. Mafundi wengi walianzia hapo hapo. Sisi tunaokaa kwenye viti siku tano tumepungukiwa na kile alichonacho yeye: kipimo. Ujana ulitufundisha kutumia nguvu, na tulipovuka arobaini hakuna aliyetufundisha kuigawa. Ndiyo maana wengi wetu huanza mazoezi kwa fujo mwezi wa kwanza, goti likavimba wa pili, raba zikawa za sokoni wa tatu.

Nimefikisha miaka 52. Napanda kila Jumamosi ninayoipata, hatua fupi, unyayo mzima, mshazari penye ukali. Akina mama bado wananipita, na mizigo yao kichwani. Ila siku hizi nikiwaamkia, shikamoo inatoka nzima.