Kinachoua Kiini cha Jino

Mwaka 1965, katika taasisi ya taifa ya Marekani ya utafiti wa meno, mjini Bethesda, watafiti Kakehashi, Stanley na Fitzgerald walitoboa magego ya panya hadi kwenye kiini, yaani ndani kabisa, penye damu na mishipa ya fahamu, kisha wakayaacha wazi. Hawakuziba wala hawakutia dawa. Panya walikuwa wa makundi mawili. Kundi la kwanza lilikuwa la panya wa kawaida, wenye bakteria mdomoni kama kiumbe mwingine yeyote. La pili lilikuwa la panya waliolelewa ndani ya vizimba vilivyofungwa, kwa hewa iliyochujwa na chakula kilichotakaswa, hata hawakuwa na bakteria mwilini.

Panya wote waliendelea kula, na chakula kikashindiliwa ndani ya matundu yale. Kwa panya wa kawaida, kiini cha jino kilioza na usaha ukajikusanya kwenye ncha ya mzizi. Kwa wale wasio na bakteria, pamoja na makapi yote yaliyojaa tunduni, kiini kilibaki hai. Kufikia wiki ya pili kilikuwa kimeanza kujijengea daraja la dentini mpya juu ya kidonda, na kati ya wiki ya tatu na ya nne daraja hilo lilikuwa limekamilika.

Kwa maoni yangu, aliyelielewa jaribio hili amekwisha kuelewa nusu ya matibabu ya mzizi wa jino. Kiini kina uwezo wa kupona hata baada ya kutobolewa na kuachwa wazi. Kinachokiua ni bakteria, na bakteria hufika huko kutoka mdomoni. Kila hatua ya daktari, kuanzia sindano ya ganzi hadi kofia inayolifunika jino mwishoni, ipimwe kwa swali moja: je, inawazuia bakteria wasiingie, au inawatoa walioingia?

Kiini chenyewe ni nyama laini iliyofungiwa ndani ya dentini, ambayo nayo imefunikwa na enameli. Damu yake hupita kwenye tundu dogo kwenye ncha ya mzizi, ambalo mara nyingi upana wake haufiki nusu milimita. Kidole kikiumia, ngozi hutanuka na uvimbe hupata nafasi. Kiini hakina pa kutanukia. Kikivimba, mgandamizo hupanda, damu hukwama, sehemu iliyo karibu na tundu hufa, na bakteria husogea mbele kwenye nyama iliyokufa. Ndiyo maana maumivu ya jino hayafanani na mengine. Jino linaloshtuka kwa maji baridi kisha likatulia mara moja, kiini chake kwa kawaida bado kinaweza kuokolewa. Lile linalouma lenyewe, linalomwamsha mtu usiku, ambalo chai ya moto huliwasha likaendelea kuuma dakika nzima au zaidi, kiini chake kimeumia vibaya.

Kisha maumivu hukoma ghafla. Mgonjwa humshukuru Mungu kwamba jino limepoa. Kwa kweli mara nyingi kiini kimekwisha kufa, na bakteria sasa wanashambulia mfupa unaouzunguka mzizi, kimya kimya, kwa miezi au hata miaka, mpaka siku shavu litakapovimba.

Hapa ndipo wengi hukimbilia duka la dawa kununua amoksisilini. Vidonge hufika mahali kwa kupelekwa na damu, na kiini kilichokufa hakina damu tena. Maambukizi yakiwa yameenea usoni au shingoni na mtu ana homa, antibiotiki ni ya lazima na inaweza kuokoa maisha. Lakini haiwezi kusafisha mfereji wa mzizi, yaani njia nyembamba ya kiini ndani ya mzizi. Uvimbe utashuka, chimbuko litabaki, na baada ya muda uvimbe utarudi.

Tuone jinsi matibabu ya mzizi yanavyokitoa kiini na kusafisha mifereji, kwa mfano wa gego la kwanza la chini, lile linaloota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, ambalo wazazi wengi hudhani ni la utotoni na litang'oka. Lina mizizi miwili na kwa kawaida mifereji mitatu, wakati mwingine minne. Mzizi wa mbele umepinda, na mifereji yake miwili mara nyingi imeunganishwa na upenyo mwembamba ambao hakuna chombo kinachoweza kuukwangua. Picha ya eksirei hulionyesha gego hili kwa upande mmoja tu, na daktari asiye makini anaweza kuacha mfereji mzima bila kuugusa.

Baada ya ganzi, jino hutengwa kwa shuka la mpira: kipande chembamba chenye tundu moja, jino likitokeza juu na mdomo wote ukibaki chini. Alilianzisha Sanford Barnum, daktari wa meno wa New York, mwaka 1864. Mpira huu humzuia mgonjwa asimeze vifaa vidogo wala dawa kali, na zaidi ya yote huzuia mate. Ni kifaa rahisi cha zaidi ya karne moja na nusu, na bado wako madaktari wanaofanya kazi hii bila kukitumia. Silioni jambo hilo kuwa dogo. Kusafisha mfereji huku mate yakitiririka ndani yake ni kuwarudisha bakteria wale wale unaowatoa.

Tundu likishafunguliwa juu ya jino, daktari hutafuta midomo ya mifereji na kupima urefu wa kila mmoja. Akiishia mbali na ncha ataacha uchafu, akipitiliza ataumiza mfupa. Suluhisho zuri lilitoka Japani. Suzuki mwaka 1942, na baada yake Sunada mwaka 1962, walionyesha kwamba ukinzani wa umeme kati ya utando wa mdomo na nyuzi zinazoushika mzizi karibu haubadiliki. Hivyo kifaa chenye waya mmoja kwenye mdomo na mwingine kwenye tupa ya kukwangulia iliyomo mferejini kinaweza kutambua pale mzizi unapoishia. Kikisaidiana na eksirei, kubahatisha hupungua sana.

Tupa zenyewe ni nyembamba kama sindano. Za chuma cha pua hukakamaa kwenye kona na zinaweza kutoboa ukuta wa mzizi. Mwaka 1988 Walia na wenzake walichukua waya wa nikeli na titani uliokuwa ukitumika kunyoosha meno, wakauchonga kuwa tupa inayopinda na kujirudi. Leo tupa za namna hiyo huzungushwa kwa mashine, na kazi iliyochosha mikono kwa saa nyingi imefupishwa sana.

Lakini kasi hiyo ina hatari yake. Tomografia ya meno yaliyochongwa hivyo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, ilionyesha kwamba asilimia 35 au zaidi ya ukuta wa mfereji haikuguswa kabisa na tupa. Mfereji hauna umbo la bomba. Kuusafisha kunafanana na kuosha chupa yenye mdomo mwembamba: kijiti kitafikia baadhi ya sehemu, mengine yote ni ya maji. Maji yenyewe hapa ni haipokloraiti ya sodiamu, kemikali ile ile iliyomo kwenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, kwa kipimo cha kati ya asilimia 0.5 na takriban 5. Huua bakteria na huyeyusha nyama iliyokufa, jambo ambalo dawa nyingine nyingi za kuoshea haziwezi. Hufuatiwa na EDTA ya asilimia 17, inayoondoa vumbi la dentini lililopakwa ukutani na tupa. Dawa huingizwa taratibu kwa sindano nyembamba, bila kusukumwa kwa nguvu, kwa sababu haipokloraiti ikipenya nje ya ncha huchoma vibaya. Inahitaji muda na kubadilishwa mara kwa mara. Kwangu mimi, moyo wa matibabu uko hapa.

Mfereji uliokauka hujazwa gutapecha, utomvu wa miti ya Malaysia na Indonesia, pamoja na gundi maalumu. Ndiyo mali ghafi iliyofunika nyaya za telegrafu za chini ya bahari katika karne ya 19, ukiwamo waya uliofika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879. Kazi ya gutapecha mferejini ni kuziba nafasi iliyosafishwa, na mfereji mchafu hauponi kwa kujazwa vizuri.

Wagonjwa wengi huachia hapo. Maumivu yameisha, fedha zimeisha, jino lina kizibo cha muda, na kofia inasubiri mwezi ujao. Mwaka 1995 Ray na Trope walichunguza picha za meno 1,010 yaliyotibiwa mizizi. Pale ujazo wa mzizi na kizibo cha juu vyote vilipokuwa vizuri, karibu asilimia 91 hayakuonyesha ugonjwa kwenye mfupa. Pale ujazo ulipokuwa mzuri na kizibo kibovu, ni asilimia 44 tu. Tafiti za baadaye zimeupa ujazo wa mzizi uzito zaidi, lakini hakuna anayebisha kwamba mate yakipenya juu, yatashuka chini. Tena gego lililochimbwa limepoteza kuta zake, na bila kofia linaweza kupasuka hadi mzizini.

Jaribio la Bethesda lilidokeza pia njia nyingine: kama kiini kinaweza kupona bakteria wakizuiwa, si kila kiini kilichoachwa wazi lazima kiondolewe chote. Mwaka 1978 Cvek, nchini Sweden, aliondoa sehemu ndogo tu ya juu ya kiini kwenye meno ya mbele yaliyovunjika, akafunika kwa kalsiamu haidroksaidi, na meno 58 kati ya 60 yakapona. Katika miaka ya 1990 Mahmoud Torabinejad na wenzake, Chuo Kikuu cha Loma Linda, Marekani, walileta MTA, saruji inayoganda hata penye unyevu na kuziba vizuri kuliko dawa za awali. Kwa mtoto wa miaka 7 jambo hili ni kubwa mno, maana mzizi wa gego lake bado haujamaliza kukua, na kiini hai ndicho kinachoujenga.

Basi jino likianza kushtuka kwa maji baridi, nenda hospitali wiki hiyo hiyo, usisubiri lipoe. Ukiambiwa mzizi unahitaji kutibiwa, uliza kabla ya kufungua mdomo kama shuka la mpira litatumika, na uombe kuona picha ya kabla na ya baada. Na kama ni gego, panga fedha ya kofia pamoja na fedha ya mzizi tangu siku ya kwanza.