Ufundi wa Kulijua Sikio Lako

Kuchagua iafoni ni ufundi, ingawa wengi hununua spika hizo za masikioni kama wanavyonunua maji ya chupa: harakaharaka, dirishani, basi likinguruma. Msafiri wa barabara ya Kilwa anaijua hali hiyo. Gari likisimama Ikwiriri, ubao wenye chaja, kava za simu na iafoni huinuliwa hadi usawa wa dirisha. Mkono unanyooshwa, rangi inachaguliwa, pesa inatolewa, na safari inaendelea kuelekea Daraja la Mkapa. Mkazi wa Umwe mwenye muda wa kusimama kibandani ana nafasi ya kufanya vizuri zaidi, na anayejua kuitumia nafasi hiyo anastahili kusifiwa.

Ufundi wake hauanzi na bei wala jina lililo kwenye boksi. Unaanza na swali moja: mtu huyu anasikiliza nini?

Ukanda wa Rufiji na Kibiti una majibu mengi. Yupo anayefungua qiraa ya Abdul Basit Abdus-Samad alfajiri, yupo wa taarabu, yupo wa dansi la Mlimani Park, na yupo kijana asiyetaka kitu ila singeli. Kila mmoja anaidai iafoni kitu tofauti. Katika qiraa hakuna ala. Kuna sauti ya mtu mmoja na pumzi yake. Msikilizaji anataka sauti ya kati iliyo safi, na anataka kuitofautisha sin na shin bila ukali wa kuchoma. Iafoni yenye trebo iliyopandishwa kupita kiasi huigeuza kila sin kuwa msumari, na baada ya juzuu moja masikio huchoka.

Singeli ina madai mengine. Muziki huu wa mitaa ya Dar es Salaam, ambao mkusanyiko wa Sounds of Sisso wa mwaka 2017 uliusogeza hadi kwa wasikilizaji wa nje ya nchi, huweza kuvuka mapigo 200 kwa dakika. Kwa mwendo huo, kati ya pigo na pigo haipiti hata theluthi moja ya sekunde. Besi nzito inayochelewa kunyamaza hulikuta pigo linalofuata likiwa limeshaingia, na vyote vikageuka mvumo. Kwa hiyo mpenzi wa singeli anahitaji besi inayopiga na kuacha, hata kama si kubwa kuliko zote kibandani.

Mambo hugeuka tena kwa anayependa rekodi za zamani. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenzake walirekodi santuri zao Bombay mwaka 1928, na mitambo ya wakati ule haikuweza kunasa besi ya chini kabisa. Iafoni iliyokuzwa besi haitapata cha kukuza humo isipokuwa mngurumo wa santuri yenyewe. Hapo inayofaa ni ile inayoipa nafasi sauti ya mwimbaji na fidla.

Baada ya muziki linakuja sikio. Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa takriban sentimeta 2.5, na urefu huo huzipa nguvu sauti za karibu na hezi 3,000, eneo linaloyapa maneno uwazi wake. Iafoni inayoziba mfereji huivuruga hali hiyo, na mtengenezaji stadi huirudisha kwa kulipandisha eneo hilo makusudi. Lakini masikio hayafanani. Ndiyo maana sifa za rafiki juu ya iafoni yake ni mwanzo tu wa uchunguzi.

Hapa ndipo vile vipira vya kwenye ncha vinapopata heshima. Hewa ikipenya kando ya kipira, besi ndiyo hutangulia kupotea, na mnunuzi huilaumu spika isiyo na kosa. Anayejua hulivuta sikio juu kidogo kuelekea kisogoni, huingiza iafoni, huliachia sikio, kisha husubiri kipira kikae. Halafu hufungua kinywa na kukifunga. Besi ikikimbia kinywa kikiwa wazi, kipira hicho ni kidogo. Sikio likianza kuuma baada ya nyimbo mbili, ni kikubwa. Wapo watu ambao sikio lao la kulia halilingani na la kushoto, nao huvaa kipira cha kati upande mmoja na kidogo upande wa pili. Iafoni inayouzwa na vipira vya saizi tatu tayari imempa mnunuzi nusu ya ubora anaoutafuta.

Kuziba vizuri kuna faida nyingine, na abiria wa boti ya Nyamisati kwenda Mafia anaweza kuihakikisha. Injini hunguruma katika sauti za chini, palepale besi inapokaa. Iafoni iliyolegea humlazimisha kupandisha sauti ili aushinde ule mngurumo. Iliyokaa sawasawa humwezesha kusikia yote kwa sauti ndogo. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki katika desibeli 80; zikifika 90, muda huo hushuka hadi saa 4. Kwa dereva wa bodaboda ushauri ni mfupi zaidi: avue, kwa sababu honi ya lori linalotoka Lindi lazima aisikie.

Sasa pesa. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha matokeo ya vipimo vya hedifoni 283, zikiwemo za kuingia sikioni, akakuta kwamba mpangilio wa sauti zake hauendani na bei. Mwaka 2022 kampuni ya Moondrop ya China ilitoa iafoni ya Chu kwa takriban dola 20, ikiwa na spika moja tu kila upande, na wasikilizaji makini wakaipokea kwa heshima. Boksi linalojisifu kwa spika nyingi kila upande, basi, halijathibitisha kitu. Bei ya juu mara nyingi hununua mambo mengine: kebo inayochomoka, kasha la chuma, huduma ya kuzima kelele.

Kwa wakazi wa delta ya Rufiji, swali la waya nalo ni zito. Iafoni za Bluetooth ni nyepesi, hazinasi kwenye nguo, na kwa anayelima au kushona zina raha yake. Lakini kila kipande kina betri ndogo inayochakaa na ambayo ni vigumu kuibadilisha, na huko Salale au Kiongoroni chaji ya sola hugawanywa kwa hesabu. Isitoshe, simu nyingi zenye redio ya FM hutumia waya wa iafoni kama antena. Bila waya, redio haishiki. Wakati wa mafuriko kama yale ya Aprili 2024 yaliyozikumba Rufiji na Kibiti, redio isiyohitaji bando ni kitu cha kushikilia.

Waya nao hukatika, hasa karibu na pini, na chumvi ya hewa ya mikoko huimaliza shaba iliyo wazi. Fundi simu hukata sehemu iliyokufa na kuzifunua nyuzi, mara nyingi nyekundu ya kulia, kijani au buluu ya kushoto, na rangi ya shaba ya pamoja. Nyuzi hizo zimepakwa vanishi, kwa hiyo huiunguza kwanza ndipo risasi ishike. Iafoni inayotengenezeka namna hiyo ina thamani ambayo boksi haliitaji.

Mwenye pesa ya iafoni moja tu, basi, achague ya waya, yenye vipira vya saizi tatu na kebo iliyoimarishwa shingoni mwa pini. Aijaribu kwa wimbo au sura anayoijua kwa moyo, sauti ikiwa chini, upande mmoja kisha wa pili. Zikibaki pesa, anunue seti ya pili ya vipira, maana hivyo ndivyo vinavyotangulia kuanguka mtumbwini.