Alfajiri ya Kuvaliwa Kifuani

Dari za enzi ya Baroki zilichorwa ili mtu ainue macho na kujiona mdogo. Ni ajabu, basi, kwamba mojawapo ya dari hizo ilikuja kuvaliwa kifuani. Nayo ni "Aurora", picha ya mungu wa kike wa alfajiri, iliyochorwa na Guido Reni mjini Roma mwaka 1614 kwa ajili ya Kardinali Scipione Borghese. Katika karne ya 19 wachongaji wa Italia waliinakili mara nyingi kwenye kameo, yaani vipambo vyenye sanamu ndogo zilizochongwa katika gamba la konokono wa baharini.

Sababu ya kupendwa dari hiyo imo katika mtindo wake. Andrea Pozzo, aliyemaliza dari ya kanisa la Sant'Ignazio mjini humo mwaka 1694, alimwekea mtazamaji alama sakafuni pa kusimama. Akitoka hapo, nguzo zilizochorwa zaonekana kama zinazoanguka. Kazi ya namna hiyo haivaliki. Reni aliichora yake kama picha ya kutundikwa ukutani: Alfajiri atangulia, gari la Apollo lafuata likivutwa na farasi, na wanawali walio mfano wa Saa walizunguka wakishikana mikono. Msafara huo haukumtegemea mtu aliyeinua shingo. Kwa hiyo uliteremka bila kuvunjika.

Hata hivyo si kila mnakili aliyefaulu. Anayejali idadi ya nyuso na miguu tu hutoa picha ndogo isiyo na mapambazuko. Aliye hodari huliachia gamba lifanye kazi: hulipunguza tabaka jeupe mpaka rangi ya chungwa iliyo chini yake ipenye mawinguni.

Rangi hiyo ya chungwa ni sifa ya konokono ambaye wataalamu humwita Cypraecassis rufa, aishiye katika miamba ya pwani ya Afrika Mashariki, ambaye magamba yake yalipelekwa kwa wachongaji wa Italia. Uhakiki unaotaja Roma, na Torre del Greco ulio mji wa wachongaji karibu na Naples, kisha ukainyamazia bahari hii, haupungukiwi na adabu tu. Umeiacha nusu ya kazi yenyewe. Mwanafunzi wa Visiga, ambaye safari yake hadi bahari hiyo ni fupi, ana haki ya kuisoma kameo kwa kuanzia chini: umbo la alfajiri lilitoka kwa Reni, lakini nuru yake ilikwisha kuwamo ndani ya gamba.